Tela la mpunga lililogeuzwa nyumba

Ukifika Ifakara mwishoni mwa Desemba au mwanzoni mwa Januari, utadhani mji unahama. Alfajiri, kabla jua halijawa kali, matrekta yanatoka mitaani yakikokota matela, na juu ya tela kuna kila kitu cha familia isipokuwa kuta za nyumba: magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kwa kamba ya katani, sufuria, ndoo, madumu ya maji, viroba vya mbegu, majembe, na kuku aliyefungwa miguu. Wakati mwingine juu kabisa amekaa bibi, mwamvuli mkononi. Wanakwenda shamba. Watarudi mpunga ukishavunwa.

Mgeni aliyeshuka treni ya TAZARA au basi la kutoka Morogoro huuliza kama kuna mafuriko. Wenyeji hucheka, maana hiyo ndiyo kawaida ya bonde. Kaskazini-magharibi kuna milima ya Udzungwa, kusini-mashariki vilima vya Mahenge, na katikati ni tambarare pana ambayo Mto Kilombero huifunika kila masika. Maji hayo ni mengi kweli. Zaidi ya nusu ya maji ya Mto Rufiji hutoka huku. Mwaka 2002 bonde hili liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kwa mkulima jambo kubwa ni moja tu. Udongo mzuri wa mpunga uko chini, karibu na mto, wakati nyumba, shule na zahanati ziko juu, kando ya barabara. Kati ya huku na kule ni kilomita kumi, ishirini, pengine zaidi, na mvua zikikolea sehemu kubwa ya njia inakuwa matope.

Ndiyo maana watu wanahamia shambani. Kuna palizi, kuna nguruwe pori, kuna viboko wanaopanda kutoka mtoni usiku, na masuke yakianza kujaa kuna ndege. Kundi la kwelea kwelea likitua kwenye shamba lisilo na mtu, kazi ya miezi minne inaweza kwisha kwa siku mbili. Kwa hiyo familia hujenga dungu: nguzo za miti, jukwaa la fito juu yake, paa la nyasi, na pande zilizo wazi ili mlinzi aone mbali. Wengine huongeza kibanda chini kwa ajili ya mama na watoto, kuta zake zikiwa nyasi, viroba vilivyochanwa, au kipande cha turubai. Wanaishi hapo miezi mitatu au minne, na mwaka wa mvua nyingi hata mitano.

Dungu ni nyumba nzuri kwa kufukuza ndege. Kwa kulaza mtoto, hapana.

Dada yangu aliolewa Ifakara. Mumewe ana trekta kuukuu na tela la ekseli moja, na shamba lao liko ng'ambo ya mto, mbele ya Minepa, upande wa Ulanga. Msimu wa mwaka juzi mtoto wao wa mwisho aliugua malaria mara mbili kabla mpunga haujatoa masuke. Mara ya pili walimtoa usiku, baba akimbeba begani kwenye maji, kisha kwenye baiskeli, kisha kwenye bodaboda, hadi wakafika kwenye dawa asubuhi. Alipona. Lakini dada alipotua kibwebwe alimwambia mumewe kwamba msimu unaofuata hatalala dunguni na mtoto. Shemeji naye akamjibu kwamba shamba halijilindi. Wote wawili walikuwa wakisema kweli, na watu wawili wanaosema kweli wanaweza kununiana muda mrefu.

Aliyetaja tela kwanza alikuwa bibi, mama yake shemeji. Alisema hilo dude limekaa chini ya mwembe tangu Januari hadi Mei likilaliwa na mbuzi.

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Tela la trekta katika bonde hili lina misimu miwili ya pesa. Novemba na Desemba linabeba mbegu, mbolea na mizigo ya wanaohamia mashambani, na kuanzia mwisho wa Mei hadi Julai au Agosti linabeba mpunga. Katikati, udongo mweusi wa tambarare ukishalowa, hakuna trekta linalopita na mzigo. Shemeji alijitetea kwamba miezi hiyo anabeba mchanga na matofali mjini. Bibi akamuuliza masika iliyopita alibeba tripu ngapi. Hakujibu, na mjadala ukaishia hapo.

Kugeuza tela la mizigo kuwa nyumba si jambo jipya duniani. Huko Marekani kuna familia zinazonunua tela la mizigo lililofungwa pande zote, zikaweka kitanda, jiko na taa, zikaenda nalo kutembea kandoni mwa maziwa na misitu. Hiyo ni starehe, na si vibaya. Lakini wachungaji wa Uingereza walifanya hivyo zamani kwa sababu inayofanana zaidi na ya kwetu. Msimu wa kondoo kuzaa, mchungaji alikokota kibanda chenye magurudumu ya chuma hadi malishoni, akalala humo wiki nyingi karibu na wanyama wake. Mali iko mbali na nyumba, kwa hiyo nyumba inafuata mali. Bonde la Kilombero nalo limezoea makazi ya kuhamahama. Reli ya TAZARA ilipojengwa katika miaka ya 1970, Wachina na Watanzania waliishi kambini, na reli ilivyosonga mbele na kambi zilisogea.

Wala Ifakara si mji wa kufundishwa habari za mbu. Maabara ya Waswisi ilianzishwa hapa miaka ya 1950 na Profesa Rudolf Geigy wa Basel, na leo ndiyo Taasisi ya Afya Ifakara. Kwenye kijiji cha Kining'ina, karibu na mji, taasisi hiyo ina majengo makubwa ya wavu ambamo mbu hufugwa na kuchunguzwa, na watafiti wenyewe wamepabatiza Jiji la Mbu. Mwaka 2016 walichapisha utafiti waliofanya upande huo huo wa Ulanga, wakilinganisha mbu wanaowauma watu kwenye vibanda vya shamba na wanaowauma walioko vijijini. Hawakuishia kuhesabu mbu. Walitengeneza kibanda cha majaribio kinachozuia mbu, kinachoweza kufunguliwa, kubebwa na kuunganishwa tena shambani. Wakulima walikipenda, ila wakasema kiongezwe ukubwa kwa kuwa familia ni kubwa. Baadaye watafiti hao walijaribu vitambaa vya gunia vilivyotiwa dawa ya kufukuza mbu, vikazungushwa kwenye vibanda vya wakulima hao chini ya paa. Dada yangu alikuwa amesikia habari za kibanda kile. Yeye alichotaka ni kibanda kama hicho, kikubwa, na chenye magurudumu.

Walimpelekea tela fundi wa kuchomelea. Nilikuwepo siku hiyo, na naona mambo mengi mazuri ya nyumba ile yalitokana na mazungumzo ya dakika kumi za kwanza. Fundi alilizunguka tela mara mbili, akapiga teke gurudumu, akauliza:

"Mnataka nyumba ya kudumu au ya kutoka?"

"Ya kutoka," shemeji akasema. "Mwezi wa sita linabeba mpunga."

"Basi sichomelei kitu kwenye tela lako, kaka. Nikichomelea leo, mwezi wa sita utakuja nikate, na kila nikikata bodi inapungua. Tutafunga kwa bolti."

Dada akaingilia. "Fundi, mimi nataka pa kukaa jioni, siyo pa kulala tu."

"Dada, unataka sebule juu ya tela?"

"Nataka wavu unaonitosha mimi, watoto na sufuria ya wali. Mbu wanaanza saa kumi na mbili, watoto wanalala saa mbili. Hayo masaa mawili nani analipa?"

Fundi hakucheka tena. Swali lile ndilo linalozikwamisha neti nyingi shambani. Neti ni kinga ya aliyekwisha kulala. Mbu wengi wa bonde hili huanza kazi mapema, watu wakiwa bado wanapika, wanakula na kuogesha watoto. Isitoshe dunguni neti hukosa pa kufungwa vizuri, hunasa kwenye fito, huchanika, na baada ya mwezi inabaki jina.

Tela lenyewe lina urefu wa mita nne na upana wa mita mbili, na sakafu yake iko karibu mita moja kutoka ardhini. Kimo hicho ni faida ya kwanza. Maji yakipita chini, godoro halijui. Ubao wa pembeni ni wa chuma, unafika juu kidogo ya goti. Kwenye matundu ambayo kwa kawaida huchomekwa nguzo za kuongezea kina cha mzigo, fundi alichomeka nguzo sita za skwea paipu, akaziunganisha juu kwa fremu, na kila kiungo akakifunga kwa bolti mbili. Bibi alipendekeza kuta za mbao. Fundi alikataa, na mimi nilikuwa upande wake. Tela la ekseli moja linabeba tani nyingi kama mzigo umelala chini. Ukiujenga ukaenda juu, kila shimo la barabara linakuwa ugomvi na upepo, na mbao zikilowa uzito unaongezeka.

Kwa hiyo ukuta wa chini ukawa ule ule wa chuma, na wa juu ukawa tabaka mbili. Ndani ni wavu wa dirishani, umebanwa kwenye fremu kwa vipande vya mbao nyembamba ili usitoboke kwa kushonwa. Nje ni turubai linalokunjwa juu mchana na kushushwa mvua ikija. Paa ni mabati, yakining'inia nje kidogo kila upande ili maji yasirudi kwenye wavu. Saa saba mchana bati linachoma kama kikaango, hivyo wakifika shambani hulifunika kwa nyasi na kuzifunga kwa kamba. Kwa mbali nyumba inaonekana kama dungu lililonenepa.

Sakafu iliwachelewesha siku nzima. Tela la mizigo lina matundu chini: ya kutolea maji, ya bolti zilizopotea, na nyufa ambazo mchanga umezipanua kwa miaka. Mtu anaziba kuta kwa wavu wa bei, halafu mbu wanapanda kutoka chini, kwenye kivuli na unyevu wanakopenda kukaa. Fundi alimlaza msaidizi wake uvunguni na yeye akabaki juu na tochi. Kila palipopenya mwanga pakawekwa alama ya chaki. Matundu ya maji hayakuzibwa kabisa, yaliwekewa wavu ili sakafu ioshwe. Mengine yalifunikwa kwa vipande vya bati, kisha mbao zikalazwa juu.

Upande wa nyuma, mlango wa tela unaposhushwa, wanautegemeza kwa miguu miwili ya chuma na unakuwa kibaraza. Kimezungukwa na wavu wake wenyewe, na mlango wa kuingia ndani ni pazia la pili. Unapanda ngazi ya mbao, unafunga wavu wa kwanza nyuma yako, unajipukuta, ndipo unafungua wa pili. Hapo kibarazani ndipo wali unapoliwa. Jiko halipandi kamwe. Liko chini, mbele, chini ya kipande cha turubai.

Kuhusu jiko niliombwa niseme neno, kwa sababu shemeji alikuwa na wazo la kuingiza jiko la mkaa usiku wa mvua, turubai likiwa limeshushwa, wapate joto na kukausha nguo. Nikamsimulia riwaya ya Mwingereza Thomas Hardy, Far from the Madding Crowd, iliyotoka mwaka 1874. Mchungaji Gabriel Oak analala kwenye kibanda chake cha magurudumu, moto ukiwaka ndani na vidirisha vya hewa vikiwa vimefungwa, na anaponea chupuchupu kwa kuwa msichana alikuja akafungua mlango. Mkaa ukiungua mahali pasipo na hewa hutoa gesi ya monoksidi kaboni, isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki kuikwepa. Bibi, ambaye hakusoma riwaya hiyo wala hana haja nayo, alimaliza hoja kwa kifupi: "Mwanangu, jiko ndani ya turubai ni jeneza."

Kabla ya safari walilijaribu tela uani. Hili ni jambo ambalo mwenye tela la ekseli moja asilipuuze. Likiwa limefungwa kwenye trekta halina tabu. Ukilifungua, linakuwa kama mzani: watu watatu wakilala nyuma ya ekseli, mbele kunanyanyuka, nyumba nzima inainama kinyumenyume. Fundi aliweka mguu wa chuma chini ya mkono wa kukokotea na miguu miwili pembe za nyuma, kisha akawaomba watoto warukeruke ndani. Waliruka kwa bidii kuliko alivyoomba. Vitu vizito, yaani madumu ya maji na kiroba cha unga, vilipangiwa nafasi juu ya ekseli, na hapo havihami msimu mzima.

Gharama yote, vyuma, wavu, turubai, mabati na fundi, shemeji aliihesabu kwa lugha ya nyumbani: gunia nane za mpunga, kwa bei ya Novemba. Sehemu kubwa ni vyuma, na vyuma vitakaa miaka. Turubai na wavu ni vya kubadilisha. Gunia nane si kidogo kwa mtu wa ekari nne. Dada alisema msimu uliopita waliuza gunia tatu kwa ajili ya hospitali na nauli peke yake, na hapo hakuhesabu siku ambazo hakuna aliyepalilia.

Walivuka mto wiki ya kwanza ya Januari. Zamani safari hii ilikuwa ya roho mkononi. Trekta na tela vilisubiri kivuko, pengine nusu siku, na mto ukijaa hakuna aliyevuka kwa raha. Januari 2016 kivuko kilizama hapo. Sasa kuna daraja la mita 384 lililofunguliwa Mei 2018 na kupewa jina la Rais Magufuli, na unavuka bila hata kupunguza mwendo, kama trekta lina mwendo wa kupunguza. Watoto, dada na bibi walikuwa kwenye bajaji nyuma. Shemeji alishikilia msimamo huo tangu mwanzo: nyumba ikiwa barabarani haina mtu ndani. Watu kupanda juu ya mizigo ni mazoea ya huku, na kila msimu kuna anayedondoka.

Kabla ya daraja askari wa usalama barabarani alinyoosha mkono.

"Mzee, hii ni nini?"

"Nyumba, afande."

"Kuna mtu ndani?"

"Hakuna, afande. Wako kwenye bajaji ile."

Askari alipanda, akachungulia ndani, akasoma stika za kuakisi mwanga alizobandika fundi nyuma na pembeni, akashuka. Alichosema ni kwamba kamba ya godoro imelegea.

Shambani kazi kubwa ni kuchagua mahali. Tambarare ile haina mawe; ukitaka kitu kigumu cha kuwekea gurudumu, ubebe mwenyewe. Walikuwa wamebeba matofali ya kuchoma arobaini. Tela lilisogezwa kwenye mwinuko wa kichuguu cha zamani ambapo hata dungu lao lilikuwa limejengwa, ekseli ikapumzishwa juu ya matofali ili magurudumu yasizame, na usawa ukapimwa kwa chupa ya maji iliyojaa nusu, ikalazwa sakafuni. Mfereji ukachimbwa kuzunguka. Trekta likarudi mjini siku ile ile, na lilifanya vizuri, kwa sababu siku nne baadaye isingewezekana.

Nilikwenda kuwatembelea katikati ya Machi. Bodaboda ilinifikisha mwisho wa barabara; kilichobaki kilikuwa saa moja na nusu kwa miguu, viatu mkononi, maji yakipanda na kushuka kati ya kifundo na goti. Mpunga ulikuwa wa kijani kile ambacho macho hayachoki. Kila baada ya muda unaona dungu, moshi, mtu anakupungia mkono, unamsalimu kwa kelele, anakujibu kwa kelele na kukuuliza unakwenda kwa nani.

Saa kumi na mbili na robo dada alituita sote kibarazani. Wavu ukafungwa. Ndani ya dakika chache uliwasikia, mlio mwembamba kila upande, na ukiangaza tochi kwenye wavu uliwaona wamejipanga nje kama abiria waliochelewa basi. Tulikula wali na perege aliyekaangwa. Mtoto mkubwa wa waliokuwepo, wa miaka mitano, alikuwa akihesabu mbu kwa sauti hadi mama yake akamwambia aache, wanaongezeka akiwataja. Vyura walianza, na ukizoea kelele za mji utashangaa kwamba kelele za bondeni ni kubwa zaidi.

Shemeji hakuwepo mezani. Alikula haraka akaenda dunguni. Hapa lazima nieleze sawasawa, maana mtu anaweza kudhani tela limeondoa dungu. Halikuondoa. Ukiwa ndani ya wavu na turubai huoni nguruwe akiingia upande wa pili wa shamba. Bado lazima mtu akae juu, pande zote wazi, hadi usiku wa manane, akipiga debe. Shemeji na jirani yake walipokezana. Alivaa mikono mirefu na soksi, na wakati mwingine alijipaka mafuta ya kufukuza mbu yalipokuwepo. Msimu ule mtoto hakuugua malaria. Aliyeugua, Aprili, alikuwa baba. Mtoto mmoja na msimu mmoja si ushahidi wa kitu chochote, na watafiti wa Kining'ina wangenicheka kama ningesema vingine. Lakini dada alilala usingizi, na mtu aliyelala anapalilia vizuri.

Ugomvi mpya ulianza na bibi, yule yule aliyelitoa tela chini ya mwembe. Alikuja kutembea mwishoni mwa Machi, akalala siku mbili, akasifu kila kitu, na kabla ya kuondoka akasema anaogopa.

"Mmepafanya pazuri mno huku," alimwambia dada. "Mwaka huu mmeleta wasiosoma. Mwaka ujao yule wa darasa la pili atasema naye anataka kulala kwenye tela, na wewe mama utamkumbuka usiku, utamchukua. Shule haina magurudumu."

Jambo hili ni zito kuliko malaria katika familia nyingi za bonde, ingawa halisemwi sana. Wazazi wakihamia shamba wana njia mbili. Wamchukue mwanafunzi, akose shule miezi miwili au mitatu, au wamwache mjini, mara nyingine na bibi, mara nyingine na kaka yake wa miaka kumi na minne, wakipika wenyewe na kulala wenyewe. Ubovu wa dungu ulikuwa kizuizi. Mzazi hakupenda kumpeleka mtoto asiye na lazima. Ukiboresha malazi, kizuizi kinapungua. Nilimsikiliza bibi nikaona ana hoja ambayo hata waliobuni kibanda cha kubebeka wangepaswa kukaa nayo jioni moja.

Dada alijibu kwamba alichomwona mwanawe wa darasa la pili akikosa si tela, ni mama. Walikubaliana hivi: wanaosoma wabaki kwa bibi, waje Ijumaa jioni na kurudi Jumapili mchana, maji yakiruhusu, na dada ndiye atakayekwenda mjini kila wiki ya pili badala ya kungoja msimu uishe. Aprili maji hayakuruhusu wiki tatu mfululizo. Mtoto alikuja Mei akiwa amekasirika, akakaa kibarazani hasemi na mtu, hadi alipopewa kazi ya kufungua na kufunga wavu kwa kila anayepanda, akaanza kutoza kila mtu nauli ya punje za karanga.

Njia ilipokauka, mwanzoni mwa Juni, trekta lilirudi. Shemeji na fundi walifungua bolti moja baada ya nyingine kwa spana mbili, wakashusha mabati, wakakunja turubai, wakazing'oa nguzo sita. Kazi yote ilichukua asubuhi moja. Mchana tela lilikuwa tela tena, likipakia gunia za SARO 5 za jirani kwa malipo, kwa sababu mpunga wa shemeji mwenyewe ulikuwa haujakauka. Wavu ulikuwa umetoboka sehemu mbili: moja panya, moja mkono wa mtoto.

Majirani wawili wamekwisha kuuliza kama fundi anaweza kutengeneza ya kwao, na mmoja, asiye na tela, ameuliza kama fremu ile inaweza kusimama juu ya nguzo za miti. Fundi amesema inaweza, na itakuwa rahisi zaidi, ila ataijua kwa uhakika akishaijenga. Dada anataka mwaka huu wavu uzungushwe hata dunguni, juu ya kichwa cha mlinzi, uache tu uwazi wa kutazamia. Shemeji anasema atakuwa kama kuku kwenye tenga. Bado hawajaelewana. Fremu imeegemezwa nyuma ya nyumba kule Ifakara, na bolti zote arobaini na nane ziko kwenye kopo la maziwa juu ya kabati la bibi, ambaye amesema hazitoki hapo hadi aone sare ya shule ya darasa la tatu imenunuliwa.